Tabia Haina Dawa? Swali la Al-Ashajj na Safari ya Elimu ya Hulka

 

Ujumbe wa kabila la Abdul-Qays ulipowasili Madina ukitokea mashariki ya Bara Arabu, wasafiri wake hawakuweza kujizuia. Waliteremka mbio kutoka juu ya wanyama wao, wakakimbilia kumbusu Mtume (S.A.W.). Mmoja wao alibaki nyuma. Huyo ni Al-Mundhir, aliyejulikana kwa lakabu ya Al-Ashajj, yaani mwenye kovu. Aliuendea mfuko wake wa safari, akatoa nguo zake mbili, akavaa, ndipo akaja taratibu. Mtume akamwambia kwamba anazo sifa mbili zinazopendwa na Mwenyezi Mungu: ustahamilivu na kutokuwa na pupa. Habari ya sifa hizo mbili imo katika Sahihi Muslim. Ama Abu Dawud katika Sunan yake amepokea kisa chenyewe pamoja na ziada ambayo ndiyo sababu ya makala hii. Al-Ashajj hakutosheka na kusifiwa, akauliza: sifa hizi nimezichuma mwenyewe, au Mwenyezi Mungu ndiye aliyeniumba nazo? Akajibiwa kuwa ameumbwa nazo, naye akamhimidi Mola wake kwa hilo.

Ndugu msomaji, swali hili la bedui mmoja ndilo ambalo wataalamu wa elimu ya nafsi wameliandikia maelfu ya kurasa katika miaka 150 iliyopita. Hulka ya mtu inatoka wapi? Ni chapa iliyopigwa tangu tumboni, au ni mazoea? Nasi watu wa Fiqhi swali linatuhusu kwa njia ya pekee, kwa sababu hukumu za sheria zinamshika mtu kwa anachokiweza. Kama hasira ya mtu imo katika damu yake, tutamhukumu kwa kipi?

Sikulianza swali hili kitabuni. Miaka kadhaa iliyopita alinijia dereva wa daladala pamoja na mkewe. Alikuwa ametamka talaka usiku uliopita kwa ajili ya chakula kilichopoa. Alipoeleza, hakukana. Alisema: “Sheikh, mimi damu yangu ya moto. Marehemu baba alikuwa hivi, babu alikuwa hivi. Wewe mwenyewe unajua, tabia haina dawa.” Alilisema neno hilo la mwisho kama mtu anayesoma aya. Nitamrudia baadaye.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Sisi Waswahili tumechukua maneno yetu ya jambo hili kutoka Kiarabu, na tumeyageuza kidogo njiani. Tabia asili yake ni mzizi wa tab’, kupiga chapa au muhuri, na kutoka mzizi huo huo Waarabu wakaita kiwanda cha uchapaji matba’a. Kwao tabia ni kile ulichogongewa. Kwetu sisi mtu “huingiwa” na tabia, “hujifunza” tabia, hata akaiacha. Hulka nayo ina harufu ya maneno mawili yaliyo ndugu: khalq, umbo la nje linaloonekana kwa macho, na khuluq, umbo la ndani. Ukaribu wa maneno haya mawili umewapoteza baadhi ya watu, kama tutakavyoona.

Sasa twende Ugiriki. Katika maandiko yanayonasibishwa na Hippocrates na wanafunzi wake, karne ya tano na ya nne kabla ya Miladi, mwili wa mtu umejengwa juu ya maji manne: damu, balghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Yakiwa sawa, mtu ni mzima. Moja likizidi, anaugua. Karne tano au sita baadaye alikuja Galen wa Pergamon, aliyezaliwa mwaka 129, ambaye Waarabu humwita Jalinus. Huyu alianza kazi kwa kuwatibu wapiganaji wa michezo ya Kirumi, akaishia kuwa tabibu katika jumba la Kaisari. Galen aliandika kitabu kizima kuhusu michanganyiko ya mwili, na kingine kudai kwamba nguvu za nafsi hufuata mchanganyiko wa mwili. Kwa ufupi: mwenye nyongo ya njano nyingi ni mkali, mwenye damu nyingi ni mchangamfu, balghamu humfanya mtu mzito, na nyongo nyeusi humletea huzuni.

Vitabu hivi vilifika Baghdad. Hunayn bin Is’haq, Mkristo wa mji wa Al-Hira aliyefariki mwaka 260 Hijria (873 Miladi), aliandika risala akiorodhesha vitabu 129 vya Galen, kipi kimefasiriwa na nani, kwa lugha ipi, na nakala ilipatikana wapi. Msomaji wa elimu ya Hadithi akiisoma risala ile atajihisi yuko nyumbani, maana ni kazi ya mtu anayepima nakala kama tunavyopima sanad. Katika hazina hiyo kulikuwa na kitabu cha Galen kiitwacho Kitab al-Akhlaq. Asili yake ya Kigiriki imepotea. Kilichobaki duniani ni muhtasari wake wa Kiarabu, uliochapishwa Cairo katika miaka ya 1930. Mwanachuoni wa Ulaya anayetaka kujua Galen alisema nini juu ya hulka hana budi kupita kwenye Kiarabu.

Na alisema nini? Mambo mawili yenye uzito. La kwanza ni tafsiri ya neno: khuluq ni hali ya nafsi inayompeleka mtu kutenda bila kufikiri wala kuchagua. Anayeruka akisikia kishindo hajakaa kushauriana na nafsi yake. La pili ni hoja ya watoto. Tazameni watoto wachanga, anasema, ambao bado hawajafundishwa chochote: huyu mwoga, yule mkali, huyu anagawa, yule ananyang’anya. Basi kuna kitu kilichotangulia malezi. Naomba msomaji aishike hoja hii ya watoto, kwa sababu itarudi baada ya miaka 1,800.

Matabibu wa Kiislamu waliipokea elimu hiyo na kuipanua. Ibn Sina (370–428 H) katika Al-Qanun alihesabu mizaji tisa: mmoja ulio sawa, minne ya hali moja moja, yaani moto, baridi, unyevu na ukavu, na minne ya kuchanganya hali mbili. Mabaki ya elimu hiyo tunayo mpaka leo katika pwani yetu. Bibi zetu walipotukataza chakula fulani wakati wa homa kwa kuwa “ni cha baridi”, walikuwa wakifuata mapokeo yenye asili katika kurasa hizo bila ya kumjua Galen. Balghamu ni neno la Galen. Safura, ambayo kwetu imekuwa jina la ugonjwa wa kupungukiwa damu unaoletwa na minyoo, kwa Waarabu ni ile nyongo ya njano.

Hapa nataka kusema jambo ambalo baadhi ya vijana wetu hawatalipenda. Maji manne yamekufa. Hakuna nyongo nyeusi mwilini inayomhuzunisha mtu, na hakuna anayeweza kuipima. Si sahihi kusimama kwenye mihadhara na kudai kwamba wanazuoni wetu walikwishajua kila kinachosemwa leo na maabara. Walichukua elimu ya tiba ya zama zao kama sisi tunavyochukua ya zetu, na sehemu kubwa imebatilika. Thamani ya kazi yao iko mahali pengine: katika namna walivyokataa kuacha elimu hiyo ya tiba ifunge mlango ambao Sheria imeufungua.

Wa kwanza kumtaja ni Miskawayh, aliyefariki mwaka 421 Hijria (1030). Katika Tahdhib al-Akhlaq aliichukua tafsiri ya Galen karibu neno kwa neno, kisha akaigawa: ipo hulka inayotokana na mzaji, kama mtu anayekasirishwa na jambo dogo, na ipo inayochumwa kwa mazoea, ambayo huanza kwa fikra na kujilazimisha, halafu ikakaa. Akanakili ikhtilafu ya wahenga: kuna waliosema watu wote wameumbwa wema, kuna waliosema wote wabaya, na Galen akasema wachache ni wema kwa maumbile, wengi ni wabaya kwa maumbile, na wengine wako katikati. Miskawayh akaona kwamba anayesema hulka haibadiliki kabisa ameifuta kazi ya akili na upambanuzi, na amewaacha watoto bila malezi.

Kisha akaja Imamu Al-Ghazali (450–505 H), Mwenyezi Mungu amrehemu. Katika kitabu cha 22 cha Ihya, kile cha kuizoeza nafsi, ameweka mlango maalumu juu ya hulka kukubali kubadilishwa. Anaanza kwa kuwaeleza wapinzani, na anawaeleza kwa uadilifu ingawa amekwishawaita wavivu. Wana hoja mbili. Ya kwanza ni ya lugha: khuluq ni umbo la ndani kama khalq ni umbo la nje, na kwa kuwa mfupi hawezi kujifanya mrefu, basi mkali hawezi kujifanya mpole. Ya pili ni ya tiba: hasira na matamanio vinatoka katika mzaji, nasi tumewaona watu wamepigana na nafsi zao umri mzima na havikukatika.

Jibu lake kwa hoja ya kwanza ni kwamba lau ingekuwa hivyo, mawaidha yote na adabu zote zingekuwa kazi bure. Na vipi ukatae jambo hilo kwa mwanadamu, hali unaliona kwa mnyama? Kipanga wa mwituni hufugwa akarudi mkononi, mbwa mlafi hufunzwa akaacha windo bila kula, farasi mkaidi akalainika. Ama hoja ya pili aliijibu kwa mfano wa kokwa ya tende. Kokwa si mtende, wala si tofaha. Lakini imeumbwa kwa namna ambayo ikitunzwa itakuwa mtende, na hata ukiitunza milele haitakuwa tofaha. Hivyo hivyo hatukuamrishwa kuing’oa hasira. Mtu asiye na hasira kabisa hawezi kuilinda nafsi yake wala ya mwenzake. Tumeamrishwa kuirudisha kwenye wastani, chini ya amri ya akili na Sheria. Na Imamu hakuficha kwamba maumbile yanatofautiana: wapo wepesi wa kubadilika na wapo wazito, kwa sababu ya nguvu ya silika yenyewe na kwa urefu wa muda ambao mtu ameitii.

Njia aliyoiagiza ni kutenda. Bahili atoe kwa kujikalifu, tena na tena, mpaka mkono uzoee. Anasimulia juu ya mtu aliyekuwa akimwajiri mwenzake amtukane mbele za watu ili ajifunze kustahamili, na mwingine aliyejiona mwoga akawa anapanda chombo baharini wakati wa mawimbi makali. Wanaoijua kusi watakubali kwamba dawa hiyo si ya kunywa kwa kijiko. Mahali pamoja tu Imamu anastahiki kusahihishwa: amesema matamanio huumbwa kwanza, na hasira huja pengine baada ya miaka saba. Mama yeyote aliyemlea mtoto wa miaka miwili angemjibu.

Wapo wanaoleta Hadithi dhidi ya rai hii: ile iliyomo katika Musnad ya Imamu Ahmad kwamba ukisikia mlima umehama usadiki, na ukisikia mtu amebadilika hulka usisadiki. Inapendwa sana na wasimuliaji. Lakini sanad yake imekatika: Az-Zuhri anapokea kutoka kwa Abu Dardai, naye hakumdiriki. Kwa upande wa pili ipo riwaya, ambayo baadhi ya wanazuoni wameihesabu kuwa hasan, kwamba elimu hupatikana kwa kujifunza na ustahamilivu kwa kujistahamilisha. Wala haipingani na kisa cha Al-Ashajj. Yeye aliambiwa habari ya sifa zake, hakuambiwa kwamba asiyeumbwa nazo amefungiwa mlango.

Wanazuoni wa Fiqhi na Usuli waliliweka jambo mahali pake. Katika Sahihi Bukhari kuna mtu aliyeomba wasia akaambiwa asikasirike, akarudia kuomba, akajibiwa vile vile. Al-Khattabi alieleza kwamba makusudio ni kujiepusha na sababu za hasira, kwa kuwa hasira yenyewe ni jambo la maumbile na haliwezi kukatazwa. Ash-Shatibi (aliyefariki mwaka 790 H) akaifanya kuwa kanuni katika Al-Muwafaqat: sifa ambazo mtu amegongewa hatakiwi kuziondoa, maana hiyo ni taklifu juu ya asichokiweza. Anachotakiwa ni kuangalia zinampeleka wapi. Kwa kanuni hiyo kadhi amekatazwa kuhukumu akiwa na hasira, wala hakukatazwa kuwa mtu mwenye hasira.

Kabla ya kufika kwenye maabara, kuna mlango mwingine wa historia hii ambao sisi Waafrika hatuwezi kuupita kimya. Elimu ya mizaji haikutumiwa kwa mtu mmoja mmoja tu. Ilitumiwa kwa mataifa mazima. Al-Mas’udi alinakili kutoka kwa Galen na Al-Kindi kwamba watu weusi ni wepesi wa furaha kwa sababu ya udhaifu wa ubongo wao. Ibn Khaldun (732–808 H) akamrudi katika Muqaddima: maneno hayo hayana natija wala dalili. Ni jibu zuri, ingawa yeye mwenyewe akaishia kuitupia sababu hali ya joto la nchi, na mahali pengine ameandika juu ya watu weusi maneno ambayo hatuyatetei. Lakini mtu huyo huyo ndiye aliyesema kwamba mwanadamu ni mtoto wa mazoea yake kuliko maumbile na mzaji wake, na laiti angeisimamia kauli hiyo katika kila ukurasa.

Ulaya ya karne ya 19 iliirudia njia hiyo kwa vifaa vipya. Francis Galton wa Uingereza, ambaye mwaka 1875 alikuwa wa mwanzo kuwatumia mapacha kupima kurithi na malezi, mwaka 1883 alibuni jina la elimu ya kuboresha kizazi cha watu kwa kuchagua nani azae. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali wanawake na wanaume waliodhaniwa kuwa duni wakatwe uzazi kwa nguvu. Ujerumani ya Manazi ilitunga sheria yake mwaka 1933, na dunia inajua ilikofikia. Hapa kwetu Afrika Mashariki, daktari J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika kwamba Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo. Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake mwaka 1953. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikamchapishia kijitabu kuhusu nafsi za Mau Mau. Watu walidai ardhi yao, wakapimwa ubongo. Kuanzia Galen hadi Mathari hoja ni ile ile ya wale wavivu wa Al-Ghazali: hawa ndivyo walivyoumbwa, basi tusijisumbue.

Sasa maabara. Mjerumani Wilhelm Wundt (1832–1920), anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa saikolojia ya majaribio, aliyaacha maji manne lakini akazibakisha hulka nne, akizipanga juu ya mizani miwili: nguvu ya hisia na wepesi wake wa kugeuka. Pavlov wa Urusi, katika majaribio yake ya mbwa, alipanga aina nne za mifumo ya neva na akazilinganisha na zile nne za Hippocrates. Hans Eysenck (1916–1997), aliyezaliwa Berlin na kufanya kazi London, aliandika mwaka 1967 kitabu juu ya misingi ya kibiolojia ya hulka. Alidai kwamba mtu mkimya ubongo wake tayari umeamka sana, kwa hiyo anakimbia kelele, na mchangamfu ubongo wake una usingizi, kwa hiyo anatafuta watu wa kumwamsha. Ni rai nzuri kuisikia, na majaribio yameiunga mkono kwa sehemu tu.

Watu wa Hadithi watavutiwa na kilichompata Eysenck baada ya kufa kwake. Mwaka 2019 chuo chake, King’s College London, kilichunguza makala alizoandika pamoja na mtafiti mwenzake wakidai kwamba hulka fulani humletea mtu saratani na maradhi ya moyo. Makala 26 zilitangazwa kuwa haziaminiki. Hii ni jarhu, tena jarhu iliyofafanuliwa, na wamefanya vyema.

Wengine walianzia kwenye lugha, jambo linalompendeza mtu wa nahau kama mimi. Mwaka 1936 Allport na Odbert walipekua kamusi kubwa ya Kiingereza wakatoa maneno 17,953 yanayowasifu au kuwaumbua watu. Wengine wakaendelea kuyachuja kwa hesabu miaka mingi, wakiangalia sifa zipi huandamana, mpaka yakabaki mafungu makubwa matano: uchangamfu, upole kwa watu, bidii na utaratibu, wepesi wa wasiwasi na huzuni, na uwazi kwa mambo mapya. Sifa mbili za Al-Ashajj haziko mbali na mafungu hayo.

Ama kurithi, ushahidi mzito umetokana na mapacha. Kuanzia 1979, Thomas Bouchard na wenzake huko Minnesota, Marekani, waliwakusanya mapacha waliotenganishwa utotoni na kulelewa nyumba mbalimbali. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1990, baada ya kupima zaidi ya jozi 100, yalionyesha kwamba mapacha wa yai moja waliolelewa mbalimbali hufanana kwa hulka karibu sawa na waliolelewa pamoja. Tafiti nyingi zilipojumlishwa mwaka 2015, sehemu ya tofauti za hulka inayonasibishwa na kurithi ilikuwa takriban asilimia 40. Tuielewe tarakimu hii. Haina maana kwamba katika hasira ya Juma asilimia 40 ni ya babu yake. Ni hesabu ya tofauti baina ya watu wa jamii fulani katika mazingira yao, na mazingira yakibadilika nayo hubadilika. Wala hakuna jeni moja la hasira. Yako maelfu, kila moja likisukuma kidogo sana.

Na hoja ya watoto wa Galen? Ilirudi Harvard. Jerome Kagan (1929–2021) aliwapima watoto wa miezi minne kwa kuwaonyesha vitu vya kuning’inia, kuwasikilizisha sauti na kuwanusisha harufu kali. Kama mmoja kati ya watano alirusha viungo na kulia. Kama wawili kati ya watano walilala tu wakitazama. Aliwafuatilia mpaka ujana. Wale waliolia walielekea zaidi kuwa waoga na wenye haya. Lakini wengi wao hawakuwa waoga wa kupindukia: kilichokuwa nadra ni wao kugeuka kuwa majasiri wasiojali kitu. Maumbile yaliwazuia kufika upande wa pili kabisa, wala hayakuwachagulia mahali pa kusimama. Kitabu chake cha mwaka 1994 juu ya jambo hilo alikiita kwa jina la utabiri wa Galen. Nami nilipoyasoma matokeo yake nilikumbuka kokwa ya tende.

Swali la kubadilika nalo limepimwa. Mwaka 2017 Brent Roberts na wenzake walikusanya tafiti 207 za watu waliopata matibabu ya nafsi au mafunzo mengineyo, kwa wastani wa wiki 24, wakakuta hulka zilisogea kwa kiasi kinachoonekana, na iliyosogea zaidi ni ile ya wasiwasi. Mwaka 2019 ikachapishwa kazi nyingine ya wanafunzi 377 kwa wiki 15. Kila wiki walichagua vitendo vidogo vya kuigeuza hulka waliyotaka kuigeuza. Waliovitenda walibadilika. Waliovichagua bila kuvitenda, nia yao haikuwafaa kitu. Hiyo ni takalluf ya bahili wa Al-Ghazali, safari hii ikiwa na daftari la hesabu.

Tumrudie dereva wetu. Ibn al-Qayyim ameigawa hasira ya mwenye kutaliki katika daraja tatu. Ya mwanzo haiondoi akili, na talaka yake inapita bila ikhtilafu. Ya mwisho inafunga akili hata mtu hajui alisemalo, na talaka yake haipiti bila ikhtilafu. Ya katikati ndiyo yenye mjadala: yeye akaelekea kuibatilisha, na jumhuri, wakiwemo Mashafii tunaowafuata hapa pwani, wakaipitisha. Nikamuuliza dereva alisema nini usiku ule. Akanitajia tamko lake herufi kwa herufi, na hata sahani ilikuwa wapi. Hasira iliyohifadhi kumbukumbu namna hiyo haikufunga akili. Talaka ya kwanza ilikuwa imepita, na alikuwa na haki ya kumrejea mkewe ndani ya eda.

Lakini alikuwa bado ameshikilia damu ya babu yake, kwa hiyo nikamuuliza swali moja la nje ya kitabu. Akisimamishwa barabarani na trafiki, akacheleweshwa nusu saa na abiria wakipiga kelele, je, naye humtukana na kumtupia sahani? Aliinamisha kichwa. Mkewe, aliyekuwa kimya kwenye kona tangu walipoingia, ndiye aliyejibu kwa niaba yake: “Huko anasema, afande, naomba unisamehe.”

Tukacheka sote watatu, yeye mwisho wetu. Alimrejea mkewe siku hiyo hiyo mbele ya mashahidi wawili, nasi tukaandikiana sharti dogo: kila akirudi usiku, asiingie jikoni wala asiseme neno mpaka atawadhe na aketi. Mwezi mmoja baadaye alikuja kuniambia kwamba wiki ya kwanza alilifanya kwa kuuma meno. Wallahu aalam.